Tiki ya Kijani

4 Machi

Mvua ya kwanza imetukuta kikaoni. Upande wa meza yangu ofisi haina dari, ni bati tupu, kwa hiyo bosi alilazimika kupaza sauti, jambo ambalo halijawahi kumpa taabu. Habari yenyewe ni kwamba hospitali kubwa imekubali. Ile programu yetu ya kupigia hesabu dozi, ambayo kwa miaka imekaa kwenye kompyuta moja ya duka lao la dawa, sasa wanaitaka kwenye simu za wauguzi. Muuguzi aandike jina la dawa, umri na uzito wa mgonjwa, simu imwambie avute mililita ngapi.

"Programu ipo, imeandikwa kwa lugha ya Java," bosi alisema. "Simu nazo zinasoma Java. Kwani kuna kazi gani hapo? Kunakili na kubandika. Hiyo ni tayari. Au siyo, fundi wangu?"

Kwake kila kitu ni tayari, hata kisichoanza. Ndiyo maana akiwa hayupo tunamwita Tayari. Watu walicheka, nami nikacheka. Ndevu peke yake hakucheka. Yeye ndiye aliyeiandika programu hiyo ya kompyuta kabla sijaajiriwa, na kazi ya kuihamishia kwenye simu nimepewa mimi. Alikaa konani akichana ndevu zake kwa kalamu.

Nyumbani tunaishi watatu: Mama, mimi na mdogo wangu, ambaye ni muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali hiyohiyo. Wagonjwa wanamwita Sista, na sisi tumelibeba jina hilo mpaka sebuleni. Nilipompa habari aliruka kama mtoto.

"Kwa hiyo nitashika simu yenye kazi ya mkono wako? Dada, nitawatangazia wodi nzima."

Mama akasema, "Haya, siku hizi hata sindano zitapigwa na simu."

Naanza kuandika shajara hii kwa sababu nahisi ni msimu wangu. Tuone.

6 Machi

Nimeinakili. Nimeibandika. Nimebonyeza kujenga.

Kwa atakayesoma bila kuijua kazi hii: kujenga ni pale mashine inaposoma kila mstari ulioandika ili ipate kuugeuza kuwa programu inayotembea. Ikikuta neno isilolijua, inagoma na kukuandikia kosa kwa rangi nyekundu. Leo nimepata makosa mia na ushei. Skrini ilionekana kama imetokwa na damu ya pua.

7 Machi

Makosa yaleyale. Mvua.

11 Machi

Nimeanza kuelewa. Java ya simu na Java ya kompyuta ni ndugu wa baba mmoja waliolelewa nyumba mbalimbali. Ndevu alichora madirisha na vitufe vyake vyote kwa maktaba, yaani mkusanyiko wa programu zilizokwisha kuandikwa na wengine, ambayo kwenye simu haipo kabisa. Nimetupa kila kinachohusu kuchora, nimebakiza hesabu tu, na vioo vya simu nitavichora upya. Makosa yamepungua kama nusu.

Nikamwendea Ndevu kumuuliza kwa nini hesabu zimechanganywa na vitufe katika faili moja.

"Ilikuwa inafanya kazi nilipoiacha," akasema, bila kugeuza shingo.

"Sisemi haifanyi kazi, kaka. Naomba unielekeze tu."

"Aliyepewa kazi ndiye aliyeonekana anajua."

Sikuwa nimemkosea chochote. Nimerudi mezani kwangu nikiwa nimevimba.

14 Machi

Maktaba mbili zimebeba darasa, yaani kipande cha programu chenye kazi yake, lenye jina moja, na mashine haijui ichukue lipi. Nimetoa moja, nyingine ikalalamika kwamba mwenzake hayupo. Wanagombana kama wake wenza, na mimi ndiye ninayetokwa na jasho.

15 Machi

Nimewapatanisha. Bosi kapita akauliza, "Tayari?" Nikasema bado. Akasema, "Karibu tayari," akaenda.

20 Machi

Limebaki kosa moja, na ndilo lililonikalia kooni tangu juzi.

Ndevu alikuwa na darasa alilolipa jina la Mlinzi. Kabla dozi haijaonyeshwa, Mlinzi huuliza: mtoto wa umri huu anaweza kuwa na uzito huu? Dawa hii imezidi kiwango? Jibu likiwa baya, programu inakataa na kupiga kelele. Sasa, Ndevu hakuviandika viwango hivyo ndani ya Java. Aliviweka kando kama kanuni fupifupi, ili wafamasia wavibadilishe bila kumsumbua, na Java ya kompyuta ilikuwa na chombo cha kuzisoma na kuzitekeleza. Java ya simu haina chombo hicho. Mashine inaniambia tu: kifurushi hakipo. Nikibadilisha hapa, hakipo. Nikibadilisha pale, hakipo.

Lazima niandike chombo changu au nitafute maktaba ya watu wengine inayofanya kazi hiyo. Si kazi ya siku moja.

22 Machi

Leo imejengeka!

Nimefanya hivi. Ili niweze kuona sehemu nyingine zote zinakwendaje, nimefuta yaliyomo ndani ya Mlinzi na kumwachia mstari mmoja: akiulizwa lolote, ajibu kweli, yaani ni sawa. Juu yake nimeandika kwa herufi kubwa, NI KWA MUDA TU, IRUDISHWE. Nikabonyeza. Mashine ikasoma faili baada ya faili, nami nimeshikilia ukingo wa meza, na mwisho ikaandika kwa rangi ya kijani kwamba imefaulu. Nikapiga ukelele hata mhasibu akaja mbio akidhani nimeona panya.

Simu ikawaka. Nikaandika dawa, nikaandika umri na uzito, ikatoa dozi, na chini yake ikatokea tiki ya kijani na maneno: KIWANGO KIMEKAGULIWA.

Bosi aliirekodi kwa simu yake, akiwa amenishika bega. Akanunulia ofisi nzima soda. Ndevu alikunywa ya kwake amesimama dirishani, akitazama maji yakipita uani.

26 Machi

Nimekwenda kwa bosi. Nayaandika mazungumzo haya kama yalivyokuwa.

"Bosi, tarehe ya kuikabidhi isogezwe. Mlinzi hayupo."

"Mlinzi gani? Yule wa getini?"

"Ile sehemu inayokagua viwango. Nimeizima ili programu ijengeke. Sasa hivi ukimwandikia mtoto mchanga kilo mia, inakubali."

"Nani atamwandikia mtoto kilo mia, fundi wangu? Hao ni wauguzi, wamesoma."

"Wanachoka. Mdogo wangu ni muuguzi, namwona anavyorudi."

Akaegemea kiti. "Kompyuta ya duka la dawa bado ipo, na Mlinzi wake yupo. Basi ulinzi upo. Hospitali wanaitaka tarehe nane. Tukiwaambia bado, yuko mwingine anasubiri mlangoni. Tukabidhi, halafu wewe uirudishe kwa utulivu, kwenye toleo la pili."

"Basi walau nitoe ile tiki. Inasema kiwango kimekaguliwa, na hakijakaguliwa."

"Ukiitoa watauliza imekwenda wapi. Iache."

Kisha akanipa cheo. Kuanzia leo mimi ni Mkuu wa Programu za Simu. Nilitoka humo nimevikwa kilemba cha ukoka, na ukweli ni kwamba nilikigusa kichwani kuona kama kimenikaa vizuri.

Sikuitoa tiki.

27 Machi

Nimemwambia Ndevu yaliyopita. Safari hii aliniangalia usoni. "Kukabidhi bila Mlinzi ni wendawazimu," akasema. "Sikumweka pale awe pambo." Nikamwomba twende wote kwa bosi. Akasema nitangulie, atakuja. Hakuja. Lakini nimefurahi kujua kuna mtu mmoja humu ndani anayeona ninachokiona. Nilimdhania kuwa na kinyongo tu, kumbe ana msimamo.

8 Aprili

Tumekabidhi. Hotuba, picha, makofi. Mganga mkuu alisema vijana wetu wanaweza. Mimi nina miaka thelathini na sita.

9 Aprili

Sista amerudi na simu ya wodi kuja kunionyesha kazi yangu mwenyewe. Alikaa kitandani kwangu hajavua hata viatu.

"Tazama, dada. Zamani nilikuwa nakimbia mpaka duka la dawa, napanga foleni, narudi, mtoto bado anatetemeka. Sasa naandika hapa, hiyo dozi, hiyo tiki. Wenzangu wamenibatiza shemeji wa simu."

Nikatazama tiki. Maneno yalifika ulimini.

"Bado tunairekebisha rekebisha," nikasema. "Endelea kuangalia kwa macho yako pia."

"Macho yangu yamechoka, dada. Si ndiyo maana mmeileta?" Akacheka, akanilalia begani.

Nilipaswa kusema neno moja zaidi. Nikaona nitamtia hofu bure, na mimi nakaribia kumaliza.

13 Aprili

Mvua mfululizo. Barabara ya nyuma ya ofisi imekatika.

17 Aprili

Nimepata maktaba ya kusoma kanuni za Ndevu. Haijengeki. Inataka mfumo mpya wa simu, na hospitali imenunua simu za bei poa zenye mfumo wa zamani. Nikiishusha toleo, inaita vitu vilivyoondolewa. Nikiipandisha, simu zinaikataa. Nimeamua kuachana nayo. Nitaandika chombo changu mwenyewe kwa mkono, kanuni baada ya kanuni.

18 Aprili

Bosi ameniondoa kwenye Mlinzi. Nibadilishe rangi ya programu iwe ya buluu, maana kuna hospitali ya pili inaipenda buluu.

22 Aprili

Asubuhi buluu, mchana Mlinzi kwa kujiiba. Sista anasema wodi imefurika. Mvua imeleta homa na vikohozi, watoto wawili wawili kitanda kimoja, na wauguzi wawili wameugua. Anarudi, anakula amesimama, analala na sare.

2 Mei

Mlinzi amerudi!

Ameandikwa upya, amejengeka, amejaribiwa. Nimemwandikia mtoto wa miezi michache kilo mia, skrini imegeuka nyekundu na kunikatalia. Nilimkatalisha mara nyingi kwa raha tu, kama mtu anayefungua na kufunga mlango mpya.

Nikakimbia kwa bosi.

"Safi sana," akasema. "Tutaitoa na toleo la pili."

"Itoke leo, bosi. Ni kuituma tu, simu zitaichukua zenyewe."

"Na hospitali watasoma nini kwenye maelezo? Kwamba tumeongeza ukaguzi? Wataniuliza, kwani haukuwepo? Fundi wangu, wewe unajua msimbo, mimi najua watu. Toleo la pili ni mwezi ujao. Siku zote hizi kumetokea nini? Hakuna."

"Hakujatokea kitu kwa sababu…"

"Kwa sababu ulifanya kazi nzuri," akanikata, akanyanyua simu aongee na mtu mwingine.

Kitufe cha kutuma kilikuwa kwenye kompyuta yangu. Funguo ninazo mimi, kwa cheo changu. Nilikaa nikikitazama mpaka watu wakaanza kufunga mabegi. Nikajiambia sitaki kumwaga unga wangu kwa sababu ya majuma machache. Nikafunga begi na mimi.

3 Mei

Buluu.

7 Mei

Sijui nianzie wapi. Nitaanzia mchana.

Mama alinipigia simu ofisini, na Mama hapigi simu ofisini. "Mwanangu, njoo. Mdogo wako yuko hapa, kakaa sakafuni, haongei."

Nilimkuta jikoni, mgongo ukutani, sare imelowa. Mama alikuwa amemfunika khanga. Nilipochutama mbele yake akaanza kusimulia, taratibu, kama anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

Asubuhi ililetwa mtoto wa kiume wa miezi tisa mwenye degedege. Sista alikuwa peke yake na wodi nzima. Mtoto alipimwa: kilo nane na pointi mbili. Aliandika kwenye simu huku amemshika mtoto kwa mkono mwingine, vidole vimelowa, na ile pointi iliyo kwenye kona ya kioo haikuingia. Simu ikasoma themanini na mbili. Ikatoa dozi ya mtu mzima, ya dawa inayotuliza mwili mzima mpaka pumzi.

"Nilifungua chupa ya pili, dada. Nikafungua nyingine. Nikaona ni nyingi. Nikasita. Nikamwambia mama yake, subiri kidogo. Nikaitazama simu tena." Akaniangalia. "Tiki ilikuwepo. Ya kijani. Nikasema, dada yangu ndiye aliyetengeneza. Nikachoma."

Mtoto aliacha kupumua. Walimpampu hewa, wakamrudisha, lakini walichelewa kumrudisha. Hakufa. Watu wote waliopiga simu jioni hii wanasema, tumshukuru Mungu hakufa. Daktari amesema ubongo ulikosa hewa, na hawajui atakapoamka atakuwa amebakiwa na nini.

Sista amesimamishwa kazi papo hapo.

"Nilikosea kuandika," anarudia. "Nilikosea kuandika, Mama."

Mama anamsugua mgongo. Na mimi nimekaa kwenye sakafu ileile nikiwa na taarifa moja tu ambayo ingemsaidia, na sikuitoa. Nilisema nitamwambia akilala kidogo. Amelala sasa. Sijui nimeandika haya kwa nani.

8 Mei

Bosi alinifuata mezani kabla sijaketi. Uso wake ulikuwa umenywea.

"Mlinzi wako yuko tayari?"

"Yuko tayari tangu tarehe mbili. Unajua."

"Mtume. Sasa hivi. Hatuwezi kuacha watoto wengine hatarini."

Nilishukuru. Naandika neno hilo kwa aibu: nilishukuru, nikaona hatimaye ameguswa. Nikabonyeza kitufe kile. Mpaka adhuhuri simu zote za hospitali zilikuwa zimempokea Mlinzi. Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua nikapumua.

12 Mei

Mtoto ameamka. Hageuki anapoitwa.

13 Mei

Sista hali. Mama anamlisha uji kwa kijiko, mwanamke mzima.

16 Mei

Hospitali imeunda kamati. Kampuni yetu imeitwa. Bosi amesema ataongea yeye, Ndevu atatoa maelezo ya kitaalamu, na mimi nipumzike, maana aliyekosea ni ndugu yangu na haitapendeza. "Tunakuonea huruma," amesema.

Nilimfuata Ndevu kantini. "Utawaambia kuhusu Mlinzi?"

"Nitasema kinachohusu utaalamu," akajibu akikoroga chai. Nikamwamini. Alilijenga yeye darasa lile, nilijua hawezi kulikana.

24 Mei

Niandike yote, hata mkono ukiuma.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa mafunzo wa hospitali. Mwenyekiti ni daktari mzee wa upasuaji, mtu wa sauti ndogo. Mama wa mtoto alikaa mbele, mtoto yumo mapajani, kichwa chake amekishikilia kwa kiganja kwa sababu hakikai. Sista alikaa peke yake kwenye kiti cha pembeni. Mimi sikuitwa. Niliingia kama ndugu wa mshtakiwa, nikakaa nyuma na Mama.

Bosi alisimama na simu ya wodi mkononi. "Ndugu wajumbe, maneno mengi ya nini? Tazameni wenyewe." Akaandika umri, miezi tisa. Akaandika uzito, themanini na mbili. Skrini ikageuka nyekundu, ikalia kwa sauti, ukumbi mzima ukaisikia. Akaizungusha ili kila mtu aione.

"Programu inakataa, kama mnavyoona. Sasa kilichotokea siku ile, huenda muuguzi alikisia, huenda hakuitumia kabisa. Sisi hatuwezi kujua."

Ni kazi ya mikono yangu. Ni yule Mlinzi niliyemtuma tarehe nane mwezi huu, ndiye aliyelia dhidi ya mdogo wangu.

Sista alisimama. "Haikuwa hivyo! Ilinipa tiki! Niliiona kwa macho yangu!"

"Kaa, dada," mwenyekiti akasema kwa upole. Akamgeukia Ndevu. "Wewe ndiye mwandishi wa mwanzo. Programu hii ina ukaguzi?"

"Ina ukaguzi," Ndevu akasema. "Niliuandika mwenyewe."

"Siku ya tukio, ukaguzi huo ulikuwepo?"

Ndevu alitazama viatu vyake. "Sina sababu ya kusema haukuwepo," akasema, akatia saini karatasi aliyopewa, akaketi. Baadaye nimesikia kwamba kazi ya hospitali ya pili, ile ya buluu, amepewa yeye.

Sijui nilisimama vipi. Nakumbuka Mama akinivuta gauni, akidhani nimepatwa na kizunguzungu.

"Haukuwepo," nikasema. "Niliuzima mimi mwezi wa tatu, kwa sababu ulikuwa unazuia programu isijengeke. Bosi nilimwambia. Ndevu nilimwambia. Hiyo iliyo mkononi mwake niliituma siku iliyofuata baada ya mtoto kuumia. Siku ile Mlinzi alikuwa amewekwa aseme kweli kwa kila kitu. Sista aliona tiki. Ile tiki ilikuwa uongo wangu."

Bosi alianza kusema kwamba nimevurugwa na msiba wa kifamilia, lakini mwenyekiti alimnyooshea kiganja.

"Tangu lini mkaguzi mpya alikuwa tayari?" akaniuliza.

"Tarehe mbili, mwezi huu."

"Na tukio ni tarehe saba."

"Ndiyo."

Aliandika kitu. Sikumtazama yeye. Nilimtazama Sista, nikitumaini sijui nini, labda kwamba bega lake litashuka kidogo sasa kwa kuwa mzigo umegawanywa. Alikuwa ananitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

"Ulijua?" akasema. Si kwa sauti. "Siku ile nimekaa kitandani kwako na viatu, ulijua?"

Kamati ilitoka, ikarudi. Mwenyekiti alisoma. Maelezo yangu wameyapokea, hawana sababu ya kuyatilia shaka. Kampuni imeonywa na kutakiwa kuboresha mawasiliano na hospitali. Mkataba unaendelea, kwa sababu wauguzi sasa wameizoea programu na toleo lililopo limeonekana ni salama. Muuguzi anafungiwa leseni mwaka mmoja.

"Tumekusikia, binti," akaniambia mimi, akivua miwani. "Lakini aliyeshika sindano ni yeye. Mikono ina sheria zake. Ya kwenu ninyi wa programu, bado hatujaiandikia sheria."

Bosi alinipita mlangoni. "Kesho usije," akasema, bila hasira, kama anayeniambia kutakuwa na mvua.

25 Mei

Wamenitumia vitu vyangu kwa pikipiki. Kikombe kimevunjika.

31 Mei

Sista anaongea na mimi kwa kupitia Mama. "Mama, mwambie anipishe bafuni." Mama anarudia maneno kama mkalimani, na mimi nipo hatua mbili kutoka hapo.

Jana nilijaribu. Nikamwambia, nilisema ukweli mbele ya watu wote, nimepoteza kazi. Akanijibu moja kwa moja kwa mara ya kwanza.

"Ukweli uliusema wakati hauna tena kazi, dada. Aprili ungeusema, ungekuwa na kazi."

8 Juni

Mvua inapungua. Nimeomba kazi sehemu tatu. Moja waliniuliza kwa nini niliondoka. Niliwaeleza. Wakasema watanipigia.

12 Juni

Mama ameniambia kitu ambacho Sista hakuniambia. Kila siku asubuhi, akiaga kwamba anakwenda kutafuta kibarua, Sista huenda kwa yule mtoto. Alianza kwa kusimama mlangoni. Mama wa mtoto alimfukuza, akarudi. Alimfukuza tena, akarudi. Siku ya tatu alimwachia aingie kwa sababu alikuwa na nguo za kufua na hakuna wa kumshika mtoto. Sasa anamnyoosha miguu, anamkanda shingo, anamfundisha kumeza.

16 Juni

Jua la kweli leo, la kwanza baada ya muda mrefu. Sista alipotoka nilimfuata. Hakugeuka, wala hakunikataza. Tulitembea hivyo, yeye mbele, mimi nyuma, tukiruka madimbwi, mpaka nyumba ya vyumba vya kupanga yenye mlango wa buluu.

Mama wa mtoto alikuwa kizingitini anaanika nguo. Ni mdogo kuliko nilivyomdhania ukumbini. Alimwona Sista akasogea ampishe, hata akampokea khanga iliyokuwa begani. Kisha akaniona mimi.

"Shikamoo," nikasema, ingawa ningeweza kumzaa. Sijui kwa nini. Lilinitoka.

Hakuitikia. Alikuwa na nguo ya mtoto mkononi inayochuruzika maji.

"Huyu alikosea," akasema, akimwonyesha Sista kwa kidevu. "Alikosea akiwa anahangaika kumwokoa mwanangu. Nilimwona. Alikuwa anatetemeka kuliko mimi. Wewe ulikuwa wapi?"

"Ofisini," nikasema.

"Ulikuwa unafanya nini?"

Ningeweza kusema mengi. Nilimwambia ukweli. "Nilikuwa nabadilisha rangi."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeulizia bei na kuambiwa ileile aliyoitarajia. Akakamua nguo, akaitundika.

"Yeye aingie," akasema. "Wewe baki hapo nje."

Mlango ukafungwa. Ndani nilimsikia mdogo wangu akimwita mtoto kwa jina, akanyamaza kusubiri, akamwita tena.